Cha Wote si cha Bure: Fiqhi ya Maji, Njia na Malisho katika Maisha ya Kila Siku

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema.

Ama baad,

Ndugu msomaji, neno "mazingira" tumezoea kulisikia katika semina, katika hotuba za viongozi na katika mabango ya barabarani. Kwa sababu hiyo wapo Waislamu wengi wanaodhani kwamba kutunza maji, kuweka taka mahali pake na kuhifadhi miti na bahari ni mambo yaliyoletwa na wageni, na kwamba dini ina mambo yake mengine ya kushughulikia. Dhana hii si sahihi.

Ni kweli kwamba ukifungua vitabu vya fiqhi hutakuta mlango ulioandikwa "Mlango wa Mazingira". Hukumu zake zimetawanyika. Baadhi zimo katika Kitabu cha Twahara, nyingine katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa (ihyaaul mawaat), nyingine katika Waqfu, nyingine katika haki za njia na jirani, na nyingine katika vitabu vya hisba, yaani usimamizi wa masoko na miji. Mwenye kuzikusanya hukumu hizi ataona kuwa zimejengwa juu ya msingi mmoja: kila kitu kinavyokuwa cha watu wengi zaidi, ndivyo sheria inavyokuwa kali zaidi kwa anayekiharibu.

Sisi leo tumeligeuza jambo hili. Mtu hufunga bomba vizuri nyumbani kwake kwa sababu bili inakuja kwa jina lake, lakini akifika msikitini huliacha wazi. Hufagia uwanja wake hadi ukang'aa, kisha taka huzimwaga barabarani au mtoni. Tunaona kwamba cha wote hakina mwenyewe. Katika makala hii tutaeleza, Inshaallah, namna mafaqihi walivyoliona jambo hili kinyume kabisa na tunavyoliona sisi.

1. MAJI YA UDHU

Amepokea Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa sa'a moja hadi mudi tano. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja, na sa'a ni mudi nne. Watu wa Pwani yetu hawavigeni vipimo hivi, kwani sa'a ndiyo inayotajwa kwa jina la pishi katika Zakatul Fitri, na pishi ni vibaba vinne. Kwa vipimo vya sasa, na kwa kauli ya maulamaa wengi akiwemo Imam Shafi, mudi ni takriban lita 0.7. Mahanafi wana hesabu kubwa zaidi ya hiyo, lakini hata kwa hesabu yao mudi haifiki lita moja na nusu.

Sasa tupige hesabu ndogo. Chukua ndoo, iweke chini ya bomba unalotawadhia, ulifungue kama kawaida yako kwa dakika moja, kisha upime. Tuseme bomba linatoa lita 6 kwa dakika, na wewe unatawadha kwa dakika 2 bila ya kulifunga. Utakuwa umetumia lita 12, yaani maji ambayo Mtume (s.a.w.) angeyatumia kwa udhu zipatazo 17. Msikiti wenye watu 100 wanaotawadha kwa kila swala, kwa swala tano, utatumia lita 6,000 kwa siku. Kama kila mmoja angetumia lita 2 tu, ambazo ni karibu mara tatu ya maji ya Mtume, yangetosha lita 1,000. Lita 5,000 zinazobaki ni sawa na ndoo 250 za lita 20. Kuna mitaa katika miji yetu ambayo akina mama hupanga foleni tangu alfajiri kutafuta sehemu ndogo tu ya maji hayo.

Hukumu yake ni ipi? Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza kwamba maulamaa wamekubaliana kuukataza ubadhirifu wa maji katika udhu hata kama mtu yuko pembezoni mwa bahari. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba jambo hilo ni makuruhu, na wapo waliosema ni haramu.

Imekuja pia hadithi katika Sunan Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Saad akitawadha, akamkanya kwa israfu yake. Saad akauliza kama kuna israfu katika udhu, akajibiwa kuwa ipo, hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Wanachuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake. Hata hivyo hukumu yenyewe haitegemei hadithi hiyo peke yake, kwani imo hadithi ya bedui aliyeonyeshwa udhu wa mara tatu tatu, kisha akaelezwa kuwa anayezidisha hapo amefanya vibaya na amedhulumu. Hii wameipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah.

Mpaka hapa tunazungumzia maji yako mwenyewe. Ama maji ya waqfu, au yaliyotolewa na watu ili wenye kuswali watawadhie, mafaqihi wa Kishafi wamesema wazi kuwa kuzidisha juu ya mara tatu si makuruhu tena bali ni haramu. Sababu yake ni kwamba aliyeyatoa maji yale ameyatoa kwa ajili ya twahara, na kinachozidi haja ya twahara hakukitolea idhini. Anayeyamwaga anatumia mali ya mtu bila ya ruhusa yake.

Tazama, ndugu msomaji, namna hukumu ilivyopanda. Kitendo ni kile kile na maji ni yale yale. Nyumbani kwako ni makuruhu, msikitini ni haramu. Wengi wetu tumeamini kinyume chake, kwamba msikitini ndiko mtu anakoweza kujiachia kwa sababu maji ni ya Mungu. Matokeo yake mtu anaweza kuingia katika swala akiwa amebeba dhambi aliyoipata katika maandalizi ya swala ile ile.

2. MAJI YALIYOTUMIKA

Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi, kama ni machache chini ya kulla mbili (takriban lita 200), kwa madhehebu ya Shafi hayafai kutawadhia tena. Lakini wengi husahau nusu ya pili ya hukumu hii: maji hayo yenyewe ni twahara. Si najisi. Yanafaa kwa mambo mengine mengi, kama vile kumwagilia miti, kufagilia uwanja na kupozea vumbi. Katika misikiti yetu mingi maji haya huingizwa moja kwa moja katika shimo la choo na kuchanganywa na najisi, na shimo likijaa hulipiwa gari la kunyonya. Bomba moja la kuyapeleka kwenye mwembe, mnazi au bustani ya migomba lingetosha kugeuza hasara hiyo kuwa sadaka.

Nasi tunajua fadhila ya mti. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mwislamu anayepanda mti au mazao, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama huandikiwa kuwa ni sadaka yake. Aliyepanda hasemi kunguru wamemwibia, kwani hata alichokula ndege kimeandikwa.

Katika zama zetu suala la maji yaliyotumika limefika mbali zaidi. Mwaka 1978 Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji machafu ya mjini yakisafishwa kikamilifu hadi yakarudi katika hali yake ya asili, bila ya rangi, ladha wala harufu ya najisi, yanakuwa twahara na yanafaa kutumika. Msingi wa fatwa hiyo ni wa zamani: maji mengi yaliyonajisika kwa kubadilika hurudi kuwa twahara mabadiliko yale yakiondoka.

3. NJIA, KIVULI NA MAHALI PA MAJI

Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaonya Sahaba zake wajiepushe na mambo mawili yanayoleta laana: kujisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao. Abu Daud ameongeza katika riwaya ya Muadh (r.a.) mahali pa tatu, nako ni mahali watu wanapoteka maji. Na katika Muslim imo riwaya ya Jabir (r.a.) ya kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Wenye kuzisherehesha hadithi hizi, kama vile Khattabi na Nawawi, wameeleza kwamba kivuli kinachokusudiwa si kila kivuli, bali ni kile ambacho watu wamekifanya mahali pa kupumzikia. Maelezo haya yana faida kubwa, kwa sababu yanatuonyesha illa, yaani sababu ya hukumu. Illa ni kuwaudhi watu katika mahali wanapopahitaji wote. Kwa hivyo hukumu haiishii kwenye haja kubwa na ndogo tu. Anayetupa nepi za mtoto chini ya mkungu ambapo wazee hupumzika, anayeacha chupa zilizovunjika ufukweni ambapo watoto huoga, na anayegeuza mfereji wa maji ya mvua kuwa jaa la mtaa, wote wanaingia katika maana hii kwa njia ya kiyasi. Mfereji ukiziba, mvua ya masika haimwulizi mtu ni nani aliyetupa. Huingia katika nyumba ya kila mtu, na mara nyingi huanza na ile ya masikini aliyejenga bondeni.

Upande wa pili wa hukumu hii ni hadithi mashuhuri ya matawi ya imani, ambayo ndani yake kuondoa udhia njiani kumehesabiwa kuwa ni tawi la imani. Ikiwa kuuondoa ni imani, basi kuuweka ni nini?

Ama kwa wanaotoka nje ya mji, wawe ni wasafiri, wavuvi walio dagoni au familia iliyokwenda kupunga upepo, yapo mafunzo matatu ambayo hayatajwi sana:

(a) Katika Sahihi Muslim wasafiri wameamrishwa, wakipita katika ardhi yenye majani, wawape ngamia haki yao ya kula, na wakipiga kambi usiku wasikae juu ya njia, kwa sababu ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu. Hapa msafiri anafundishwa kuwa porini yeye ni mgeni, na wenyeji wa mahali pale wana haki ya njia.

(b) Abu Daud amepokea katazo la kukojoa katika mashimo ya ardhini. Maulamaa wametaja sababu kuwa ni makazi ya viumbe, wanaweza kumdhuru mtu naye akawadhuru wao.

(c) Katika Bukhari na Muslim tumekatazwa kuacha moto ukiwaka nyumbani tunapolala. Mwenye kuwasha moto wa kuni msituni au ufukweni analo jukumu kubwa zaidi, kwani moto wa nyumbani huunguza nyumba moja, na wa msituni hauna ukuta.

4. MOSHI NA JIRANI

Kanuni ya kutodhuru na kutolipizana madhara, ambayo imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik, Ibn Majah na Daraqutni, ni miongoni mwa nguzo za fiqhi yote. Mafaqihi hawakuiacha iwe nadharia tu, waliiteremsha hadi kwenye tanuri la mkate. Shaizari, aliyeandika kitabu chake cha hisba katika karne ya 12 huko Sham, alimtaka msimamizi wa soko ahakikishe kuwa maduka ya waoka mikate yana dari zilizoinuliwa na matundu mapana ya kutolea moshi ili watu wasiudhike. Na sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya, maarufu kwa jina la Majalla, iliyokamilika mwaka 1876, iliuhesabu moshi wa tanuri na harufu ya kinu cha mafuta vinavyomfanya jirani ashindwe kukaa nyumbani kwake kuwa ni dhara kubwa inayopaswa kuondolewa.

Ikiwa moshi wa mkate, ambao ni chakula cha watu wote, uliwekewa mipaka, tuseme nini juu ya moshi wa plastiki? Katika mitaa yetu desturi ya kuchoma taka jioni ni ya kawaida sana. Zamani taka zilikuwa majani, maganda na vifuu. Leo ndani yake mna mifuko, chupa, sandali za mpira na betri. Plastiki inapoungua katika moto mdogo wa uani hutoa sumu zinazodhuru mapafu, na wanaoathirika zaidi ni watoto wachanga, wazee na wenye pumu. Mtu hawezi kusema "nachoma ndani ya ua wangu". Ua ni wako, lakini pumzi ni ya jirani.

Vivyo hivyo kwa shimo la choo na kisima. Katika vitabu vyetu imewekwa harimu ya kisima, nayo ni eneo linalokizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kulitumia kwa namna itakayokiharibu au kukipunguzia maji. Wataalamu wa afya wa leo hushauri umbali usiopungua mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na zaidi ya hapo penye mchanga au mawe ya matumbawe kama ilivyo sehemu nyingi za Pwani. Lengo ni lile lile.

5. MALISHO YALIYOHIFADHIWA: HIMAA

Himaa ni ardhi iliyohifadhiwa, isilishwe wala isikatwe miti yake ila kwa masharti. (Neno hili lisichanganywe na "hima" yetu yenye maana ya haraka. Lililo karibu nalo katika lugha yetu ni "himaya".) Wanahistoria wanasimulia kuwa wakati wa ujahilia kiongozi mwenye nguvu akifika penye malisho mazuri alikuwa akimbwekesha mbwa wake, na popote ilipofika sauti ya mbwa pakawa ni pake, hapalishi mwingine, ilhali yeye akiendelea kulisha pamoja na watu katika ardhi iliyobaki. Uislamu ukaifuta desturi hiyo. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Saab bin Jaththama (r.a.), Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa himaa haiwi ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani kwa maslahi ya umma. Yeye mwenyewe alihifadhi Naqii karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (r.a.) akahifadhi Sharaf na Rabadha.

Wasia wa Sayyidna Umar kwa msimamizi wa himaa, mtumwa wake aliyemwacha huru aitwaye Hunayy, umo katika Sahihi Bukhari, na unastahiki kusomwa katika kila ofisi inayosimamia hifadhi. Alimwamrisha amche mwenye kudhulumiwa, amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie kulisha, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Akaeleza sababu: matajiri wale wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, ama masikini wanyama wake wakifa atakuja na watoto wake kwa Khalifa kuomba, na maji na majani ni rahisi kwa Khalifa kuliko dhahabu na fedha.

Hapa pana funzo la pande mbili. Kwa upande mmoja, hifadhi ni jambo la kisheria, na asiyeheshimu mipaka yake anaidhulumu jamii. Kwa upande wa pili, hifadhi inayomfungia nje mvuvi mdogo na mfugaji mdogo, kisha ikamfungulia mlango mwenye mali, inarudi kwenye himaa ya ujahilia hata kama imeandikwa kwa sheria nzuri.

Katika nchi zetu tunao mfano wa karibu. Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Pemba. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri, ambaye wenyeji humwita Hadhara, alifika hapo akaomba msala ili aswali, na msala ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mithali ya msala, ndipo kikapata jina. Hiyo ni masimulizi ya wenyeji, wala hatuijengei hukumu, lakini inatuonyesha heshima waliyokuwa nayo watu kwa mahali pale. Matumbawe yake yanalisha maelfu ya watu wa Pemba kwa samaki. Katika miaka ya 1990 uvuvi wa kutumia baruti na njia nyingine haribifu uliyatishia. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi hawakufukuzwa, ila sehemu ya upande wa magharibi ilifungwa isivuliwe ili samaki wazaliane. Baadaye yakafanyika mafunzo kwa masheikh, walimu wa madrasa na wavuvi, yakitumia aya na hadithi juu ya amana na israfu, kwa msaada wa taasisi ya Kiislamu ya ikolojia iliyoko Birmingham, Uingereza. Mwaka 2005 Misali iliingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba.

Anayelipua baruti baharini hupata samaki wa siku moja na kuvunja matumbawe ambayo yatachukua miongo kadhaa kurudi. Amekula chake, na cha mwenzake, na cha mtoto ambaye bado hajazaliwa.

6. SINIA NA JAA

Israfu ya chakula imekatazwa katika Suratul A'raf, aya ya 31, na katika Suratul Israi, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wamefananishwa na ndugu wa mashetani. Katika Sahihi Muslim, Jabir (r.a.) amepokea amri ya kuliokota tonge lililoanguka, kuondoa uchafu uliolipata na kulila. Ikiwa tonge moja limewekewa hukumu, masinia ya pilau yanayomwagwa baada ya harusi yana hukumu gani? Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 imekadiria kuwa katika mwaka 2022 chakula kilichopotea duniani majumbani, mikahawani na madukani kilifika tani bilioni 1.05, na takriban asilimia 60 yake ilitoka majumbani.

Utaratibu mzuri wa nyumba ya Kiislamu ni huu: kipikwe kwa kadiri ya walaji. Kikizidi apewe jirani au mhitaji kingali kizuri, si baada ya kuchacha. Kisichofaa kwa mtu wapewe kuku na mbuzi. Maganda na mabaki yatiwe katika shimo la mboji. Ama samadi ya ng'ombe, kwa madhehebu ya Shafi ni najisi, lakini Nawawi ameeleza kwamba inajuzu kurutubishia shamba pamoja na ukaraha, na mazao yanayoota humo ni twahara. Kilichoguswa na samadi yenyewe kitaoshwa tu.

Kitakachobaki baada ya hapo ni kidogo, na sehemu yake kubwa ni plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Bibi zetu walikwenda sokoni na vikapu vya ukili, navyo havijaharamishwa na yeyote.

7. MASUALA

Suala: Aliyetawadha kwa maji mengi ya msikiti, je, udhu wake unasihi?
Jibu: Udhu wake ni sahihi na swala yake ni sahihi. Dhambi ya ubadhirifu ni jambo jingine linalosimama peke yake, na anatakiwa atubie na aache.

Suala: Marufuku ya mifuko ya plastiki ni sheria ya serikali tu. Je, inanilazimu kidini?
Jibu: Kanuni ya fiqhi ni kwamba maamuzi ya mtawala juu ya raia hufungamana na maslahi. Amri yenye maslahi ya wazi na isiyo na maasi hufuatwa. Na dhara ya mifuko ile katika mifereji, baharini na matumboni mwa ng'ombe tumeishuhudia.

Suala: Shamba ni langu. Je, nina uhuru wa kuzika humo betri na makopo ya dawa za kuulia wadudu?
Jibu: Uhuru wa mwenye mali unakomea pale dhara linapovuka mpaka. Sumu ikizama ardhini huyafikia maji, na maji ya chini hayajui mpaka wa shamba. Basi haifai.

Suala: Kamati ya msikiti ifanye nini?
Jibu: Ianze na mabomba yanayovuja, kwa sababu kuhifadhi mali ya waqfu ni wajibu wa msimamizi wake. Kisha iweke mabomba ya kubonyeza yanayojifunga yenyewe, au irudishe birika na kata pembeni ya hodhi. Maji yaliyotumika yaelekezwe kwenye miti. Na kila mwisho wa mwezi imamu awatangazie watu baada ya swala ya Ijumaa ni maji kiasi gani yametumika na yamegharimu kiasi gani. Watu wakijua kwamba fedha walizochangia kwa ajili ya mayatima na madrasa zimeishia kwenye bili ya maji, mikono yao itakuwa miepesi kufunga bomba.

Ndugu msomaji, hatukuleta jambo jipya. Tumefungua milango ambayo wanafunzi wa madrasa huisoma tangu wakiwa wadogo, na tumeona kwamba ndani yake hakuna kitu kiitwacho mali isiyo na mwenyewe. Maji ya msikiti yana aliyeyatoa, njia ina wapitao, kivuli kina wapumzikao, na bahari ina watakaovua kesho. Kila mmoja wao ni mdai wetu Siku ya Kiyama, na madeni ya watu wengi ni mazito kuliko deni la mtu mmoja, kwani aliyemdhulumu mmoja anaweza kumtafuta na kumwomba radhi. Aliyewadhulumu wote atamtafuta nani?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia mema na kuyafanyia kazi, na atusamehe tuliyoyapoteza katika neema zake. Wabillahi tawfiq.